Kisu Butu Ndicho Kinachouma

Wanangu, chukueni mbao mbili, zisimamisheni ubavu kwa ubavu mbele ya dirisha, kisha zibaneni. Mkiona mwanga unapenya katikati, hata ukiwa mwembamba kama uzi, jueni meza itakayotengenezwa kwa mbao hizo itaachana. Gundi haizibi pengo. Gundi hushika mbao zilizokwisha kugusana. Ndiyo maana seremala wa zamani alisukuma randa ndefu ya mkono tangu asubuhi hadi adhuhuri, akichungulia, akirudia, akichungulia tena. Siku hizi ubavu huo hunyooshwa na mashine kabla hujamaliza kuhesabu hadi ishirini. Mafundi wengine huiita plena, wengine mashine ya randa. Mimi nitaiita mashine ya randa, maana ndivyo nilivyofundishwa kuiita.

Karakana yetu iko Keko, Dar es Salaam, mtaa ambao ukipita barabarani unaona vitanda, makabati na makochi yamepangwa nje mpaka ukingoni mwa mtaro. Mbao za msonobari hutufikia kutoka Mafinga, kwenye mashamba ya miti ya Sao Hill. Mninga hutoka mbali zaidi, kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi. Likizo ya mwezi wa sita, mpwa wangu wa miaka kumi na miwili aliletwa kukaa nasi, na asubuhi ya kwanza akaja karakana na chai yangu kwenye chupa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Simama hapo hapo ulipo."

Nikachukua chaki, nikapiga mstari sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye mashine. Nikamwambia mstari ule hauvukwi plagi ikiwa ukutani. Mpaka huo sikuutunga mimi. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inahesabu mahali penye mashine kuwa pahali pa hatari kwa kazi ya mtoto, na mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kutazama na kuuliza ni jambo jingine, na yeye aliuliza bila kukawia.

"Mjomba, mbona hii haina kisu?"

Swali hilo lilinifurahisha. Msumeno wa mviringo unaonyesha meno yake, na mtu humwogopa mnyama mwenye meno. Mashine ya randa huficha. Ukiitazama unaona meza mbili ndefu za chuma zilizofuatana, ukuta mfupi uliosimama ubavuni, na katikati kifuniko chenye umbo la paja la kuku. Mtoto anaweza kudhani ni mahali pazuri pa kuweka daftari.

Nikang'oa plagi, nikaiweka juu ya benchi mbele ya macho yake, nikamwita avuke mstari. Nikasukuma kifuniko pembeni. Pale, kwenye ufa kati ya meza mbili, kuna rola la chuma, na ndani ya rola vimekaa visu vitatu vyembamba, virefu kama rula.

"Rola hili huzunguka kama mara 5,000 kwa dakika," nikamwambia. "Visu ni vitatu. Piga hesabu."

Alipiga kwa vidole, akafika 15,000 kwa dakika. Akagawa kwa sitini, akapata 250. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mjomba, hata kusema 'moja' kunachukua sekunde nzima." Ndivyo ilivyo. Kabla hujamaliza neno hilo, visu vimepita mara 250. Mkono hauwezi kuondolewa kwa wepesi. Unaokolewa kwa kutokuwepo pale.

Sasa sikilizeni jinsi inavyonyoosha, maana ni werevu mtupu. Meza ya mbele, ile unayoanzia, imeshushwa kidogo kuliko ncha za visu. Kidogo kiasi gani? Milimita moja hivi, unene wa maganda matatu ya yai yakipangwa pamoja. Meza ya nyuma, ile inayopokea, iko sawasawa na ncha za visu pale zinapofika juu kabisa. Ubao ukisukumwa kutoka meza ya mbele, visu vinakwangua ule unene wa maganda matatu, na palipokwanguliwa panatua juu ya meza ya nyuma kama mguu unavyotua kwenye kipandio cha ngazi. Kila kinachopita kinabebwa na kilichokwisha kunyooshwa. Ubao unajipima kwa mashine, basi mashine ikiwa imepinda, mbao zako zote zitapinda vilevile.

Meza ya nyuma ikiwa chini mno, ubao husafiri vizuri mpaka mkia wake unapoiacha meza ya mbele. Hapo unadondoka kidogo na visu vinauma shimo mwishoni. Hilo ni kosa la kuudhi tu. Meza ya nyuma ikiwa juu mno, kichwa cha ubao kinagonga ukingo wa meza na kukwama. Fundi asiyejua hufanya nini ubao ukikwama? Anasukuma kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo hadithi inapobadilika.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na ncha ya kidole cha shahada. Nilipokuwa kijana nilidhani alikatwa na mashine iliyomshinda nguvu. Siku moja tukiwa tunakula ndizi mchana alinisimulia mwenyewe. Visu vyake vilikuwa butu, miezi havijanolewa, na alikuwa na haraka ya kumaliza milango ya mteja. Kisu butu hakikati, hupigapiga. Ubao unatetemeka, unagoma, na mtu anaweka uzito wake wote juu yake. Ghafla ukaruka nyuma. Ubao ulipoondoka, mkono wake uliokuwa ukiusukuma haukuwa na cha kuuzuia, ukaendelea na safari. Kisu kilekile kilichoshindwa kukata mninga kilimkata yeye.

Tangu siku hiyo sijawahi kuliona suala la usalama kama ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mashine. Mashine iliyopangwa vizuri na yenye makali haidai nguvu, na mtu asiyetumia nguvu hatelezi. Kuitunza na kujilinda kwangu ni kazi moja, na hufanywa kwa spana ileile.

Basi asubuhi ile ya mpwa wangu tulikuwa tunabadilisha visu, naye akawa msaidizi. Nilivaa glavu nene za ngozi, kwa sababu kisu kipya kinakata hata kikiwa kimelala. Angalieni vizuri hapo: glavu ni za kushikia visu mashine ikiwa haina umeme. Mashine ikizunguka, glavu ni marufuku, kwa kuwa uzi mmoja ukinaswa unavuta kitambaa, na kitambaa kinavuta mkono. Vivyo hivyo pete, saa, mikono mirefu ya shati na ncha ya mtandio. Nywele zinafungwa.

Visu vitatu hutolewa vyote na kurudishwa vyote. Hunolewa pamoja kwa kipimo kimoja, maana kimoja kikiwa chepesi kuliko wenzake, rola linatikisika kama feni iliyovunjika panga moja. Mitaro ya rola tuliisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, tukatoa utomvu wa msonobari uliokauka kama gundi ya zamani. Uchafu mdogo tu chini ya kisu hukiinua upande mmoja.

Kisha ukaja mchezo ambao yeye aliupenda kuliko vyote. Nilichukua kijiti cha mbao kilichonyooka, nikakilaza juu ya meza ya nyuma, ncha yake ikining'inia juu ya rola. Yeye akatia alama ya penseli kwenye kijiti pale ukingo wa meza ulipo. Nikalizungusha rola polepole kwa kushika puli, kinyume cha upande wa kukatia, na kisu kikapita chini ya kijiti, kikakinyanyua, kikakibeba mbele kidogo na kukiacha. Akatia alama ya pili. Umbali kati ya alama mbili ukiwa milimita tatu, kisu kiko juu ya meza kwa kiasi kidogo sana, chini ya unene wa karatasi, na hicho ndicho tunachokitaka. Ukiwa sifuri, kisu kiko chini.

"Upande wa ukuta, tatu," akasoma. "Upande wa pili... Mjomba, tano."

Kisu kilikuwa kimeinuka upande mmoja. Nikalegeza bolti, nikakigonga taratibu kwa kipande cha mti, tukapima tena. Tatu na nne. Tena. Tatu na tatu. Halafu kisu cha pili, halafu cha tatu, kila kimoja ncha zote mbili. Ilituchukua karibu saa nzima na hakuna dakika ninayoijutia.

Bolti zinazobana visu nilizikaza kidogo kidogo kwa zamu, kisha nikarudi mwanzo nikazikaza sawasawa, kisha nikarudi mara ya tatu kuzigusa moja baada ya nyingine huku yeye akizihesabu kwa sauti. Kisu kinachochomoka kwenye rola linalozunguka ni kipande cha chuma kinachoruka ndani ya chumba chenye watu. Ndiyo sababu ya kuhesabu kwa sauti. Na spana iliyotumika ilirudi kwenye msumari wake ukutani kabla ya plagi kurudi mahali pake.

Niliwasimulia kuhusu rola, lakini sikuwaambia kuwa zamani halikuwa la mviringo. Mashine za kwanza zilikuwa na kipande cha chuma cha pembe nne, visu vimefungwa kwenye pande zake. Kila pembe ikipita, nyuma yake ilifuata nafasi tupu kubwa, na kidole kikiingia kilivutwa pamoja na kiganja. Wafanyakazi wengi waliumia vibaya. Uingereza, kanuni za mashine za mbao za mwaka 1922 zilitaka mashine za kupiga randa zinazosukumiwa mbao kwa mkono ziwe na rola la mviringo, ambalo huacha ufa mwembamba tu. Kenya nayo ilipata kanuni zake za mashine za mbao mwaka 1959. Kila mara ninapofuta rola letu nawakumbuka watu wale ambao vidole vyao ndivyo vilivyoandika kanuni hizo.

Baada ya visu nilipima ukuta kwa skwea. Ukuta na meza vikikutana kwa nyuzi 90, ubavu wa ubao utasimama wima. Visipokutana hivyo, meza yako itakuwa na mgongo kama paa la nyumba. Nikapaka meza nta ya mshumaa na kuifuta kwa kitambaa. Hewa ya Dar es Salaam ina chumvi ya bahari, na chuma kikiachwa wazi wiki moja kinaota kutu nyekundu. Kutu humfanya mtu asukume. Mmeshaanza kuona neno hilo linavyorudi: kusukuma.

Sasa umeme. Karakana nyingi hutumia umeme wa fezi tatu, na fundi wa umeme akibadilisha nyaya mbili mahali pake, mota huzunguka kinyume. Kawaida juu ya rola visu huja kuelekea kwa fundi, vikipambana na ubao. Likizunguka kinyume, huunyakua ubao na kuuvuta mbele pamoja na mikono iliyoushika. Kwa hiyo nyaya zikiguswa tu, nabonyeza swichi kwa sekunde moja, bila ubao, nikitazama linakoelekea.

Kuna hatari nyingine ambayo ninyi mnaijua vizuri kuliko watoto wa nchi nyingine. Umeme unakatika. Rola linanyamaza, mafundi wanakaa kivulini, mtu anaegemea meza ya mashine akipiga soga, na hakuna anayekumbuka kwamba swichi bado imewashwa. Umeme ukirudi, mashine inaamka peke yake. Tulipoanza karakana tulikuwa na swichi ya mkono wa chuma inayobaki pale ulipoiacha, na siku moja mashine iliwaka hivyo kitambaa cha kufutia kikiwa juu ya ufa. Kitambaa hicho hatukukiona tena ila vipande vyake. Wiki iliyofuata tulinunua swichi ya sumaku: umeme ukikatika inajizima, na ukirudi inasubiri kidole. Kama ungeniuliza nitumie wapi fedha za kwanza kwenye karakana mpya, ningekujibu hapo. Na aliye na swichi ya zamani, giza likiingia tu, aizime kabla hajasema neno.

Saa nne hivi mpwa wangu alirudi nyuma ya mstari wa chaki. Nilivaa miwani, vizibo vya masikio na barakoa. Barakoa si mapambo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na uwazi wake. Vumbi la mvule hukera ngozi na kifua. Naye nikampa barakoa yake.

Nilichukua ubao wa mninga na kwanza nikaupiga brashi kutoa mchanga, nikatafuta misumari kwa macho na kwa sumaku. Nikautazama kwa urefu kama mtu anayelenga shabaha. Ulikuwa umepinda kama mtumbwi. Upande ulioingia ndani unalazwa chini, ili usimame kwa ncha mbili usiyumbe. Kisha nikatazama nyuzi. Nyuzi za mbao ni kama manyoya ya paka: ukipapasa upande mmoja zinalala, ukipapasa upande mwingine zinasimama. Ubao unapitishwa upande ambao visu vitalaza nyuzi. Ukipitishwa vibaya unachanika, na unaweza kurushwa nyuma kwa nguvu. Kwa sababu hiyo fundi husimama pembeni mwa meza, hasimami nyuma ya ubao.

Nikapitisha uso wa bapa kwanza, vishikizo viwili vyenye mpira chini vikiwa kati ya viganja vyangu na ubao. Mikono haipiti juu ya visu. Mkono mmoja unahamia meza ya nyuma mara tu kuna ubao wa kutosha pale, na uzito wote unaufuata huko. Dole gumba halining'inii nyuma ya ubao hata siku moja. Kifuniko cha paja la kuku kilifunguka kadiri ubao ulivyopita na kujifunga chenyewe nyuma yake. Kuna mafundi hukitoa wakisema kinawachelewesha. Nimefanya kazi nacho miaka yote na sijui kimenichelewesha nini.

Uso ulipokuwa bapa niliuegemeza kwenye ukuta, nikapitisha ubavu. Sauti ya visu vikali ni nzuri, wanangu: ni mvumo mmoja laini, na maranda yanatoka yakiwa na harufu ya mninga. Sauti ikibadilika, ikawa ya kukwaruza au ya kugonga, zima. Labda kisu kimepata pengo, labda mkanda umelegea, labda beringi inaanza kulia. Nilipozima nilisubiri rola lisimame kabisa kabla ya kugusa chochote, kwa maana huendelea kuzunguka kimya kimya baada ya mota kuzimwa, na rola lisilo na sauti ndilo la kuogopwa.

Ubao wa pili niliupitisha ukiwa umegeuzwa, uso ulioegemea ukuta ukiwa wa nyuma. Hiyo ni hila niliyofundishwa na mzee wangu: ukuta ukikosea hata nusu digrii, ubao mmoja utalalia huku na wa pili utalalia kule, na zikikutana makosa yanafutana. Tukazisimamisha mbele ya dirisha. Mpwa wangu alifumba jicho moja, akasogeza uso mpaka pua ikagusa mbao.

"Hakuna kitu, Mjomba. Ni giza."

Tulipofagia maranda kutoka chini ya mashine, maana yakirundikana huweza kushika moto, aliokota vipande viwili vya mninga, kila kimoja urefu wa shubiri moja. Alitaka nimnyooshee kwa mashine awe na kifuniko cha kijisanduku cha penseli.

Nilikataa. Kipande kifupi kuliko sentimita 30 hakipandi mashine yetu. Hakina urefu wa kulala kwenye meza zote mbili, hudumbukia kwenye ufa, na vidole vinakuwa karibu mno. Alinuna kidogo. Nikamfungia kimoja kwenye jiriwa la benchi lililo nyuma ya mstari wa chaki, nikamshushia kutoka rafuni randa ya mkono ya mzee wangu, mti wake umeng'aa kwa jasho la viganja vya miaka mingi. Kisu chake nilikuwa nimekinoa usiku uliotangulia.

Msukumo wa kwanza ulikwama. Nikamgeuzia kipande afuate nyuzi. Msukumo wa pili ulitoa randa moja refu, jembamba, likajikunja kama petali ya ua. Akaendelea mpaka adhuhuri, akichungulia, akirudia. Alipovisimamisha vipande viwili dirishani, uzi mmoja wa mwanga ulipenya karibu na ncha. Hakusema kitu. Alikirudisha kimoja kwenye jiriwa.